Ndoo, chumvi na mvua ya paka: maswali yenu kuhusu nahau za Kiingereza

Barua za safari hii zimenigusa kuliko kawaida, hasa ya kwanza. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka 26, na nilipoanza nilidhani kazi yote ya nahau ni kujua maana yake. Nilikuja kugundua kwamba maana ndiyo sehemu nyepesi. Kinachotutoa jasho ni kujua nani humwambia nani maneno hayo, na wakati gani. Majibu yangu karibu yote yanazunguka hapo.

Shikamoo Mwalimu. Baba wa mwenzangu kazini, ambaye amekulia kwenye Kiingereza, alifariki. Nilitaka kumwandikia pole kwa Kiingereza cha wenyewe, kisiwe cha darasani. Kwenye kamusi ya nahau nikakuta "kick the bucket" (kupiga ndoo teke) maana yake ni kufa, nikaandika: "I am sorry to hear that your father kicked the bucket." Hakunijibu, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali. Kamusi imesema ni kufa. Nimekosea wapi? (Msichana wa ofisini)

Marahaba, mwanangu. Kamusi haikukudanganya, ila ilikupa nusu ya habari. "Kick the bucket" ni kufa kweli, lakini ni kufa kunakosemwa kwa mzaha, au na mtu ambaye kifo hicho hakimuumi. Lisikie kwa Kiswahili. Umefiwa, umekaa kimya, anakuja mtu anakushika mkono na kusema: "Pole sana, nimesikia mzee amekata kamba." Kukata kamba ni kufa, hilo halina ubishi. Lakini utautoa mkono wako mkononi mwake kabla hajamaliza kusema. Mwenzako alijisikia hivyo hivyo alipokuwa anasoma barua yako.

Nahau hii ni ya mitaani tangu zamani. Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha London kamusi yake ya lugha ya vichochoroni, lugha ya wanajeshi, wezi na walevi, na "kick the bucket" imo humo kwa maana ya kufa. Ndoo nayo ina habari yake. Katika lahaja za baadhi ya sehemu za Uingereza, "bucket" lilikuwa pia jina la boriti ambayo nguruwe alining'inizwa kwa miguu wakati wa kuchinjwa. Mnyama akitapatapa, miguu yake huipiga ile boriti. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno huelekea kwenye maelezo hayo. Rudi sasa kwenye sentensi yako, umwone baba wa mwenzako kwenye picha hiyo.

Mahali ambapo sisi husema "ameaga dunia" au "ametutoka", Kiingereza kina "passed away". Na katika salamu za pole Waingereza na Wamarekani mara nyingi hawakitaji kifo chenyewe. Huandika tu "I am so sorry for your loss", yaani poleni kwa kupotelewa. Aliyefiwa anajua amepotelewa na nani, hana haja ya kukumbushwa kwa jina la kifo.

Sasa ufanye nini? Usimwandikie tena, mwendee. Mwambie ana kwa ana: "I found that phrase in a dictionary and did not know how it sounds. I am so sorry about your father." Usiweke nahau hata moja humo. Mtu mwenye msiba huambiwa maneno mepesi, na hilo ni sawa katika lugha zote mbili. Naamini atakuelewa, kwa sababu anajua Kiingereza si lugha uliyoanza nayo, na huenda kinachomuuma zaidi ni kudhani ulifanya mzaha kwa makusudi.

Kuanzia leo, nahau yoyote inayogusa kifo, ulevi, akili ya mtu au umbo lake, usiitumie kwa sababu umeisoma tu. Isubiri mpaka uisikie midomoni mwa watu, uone wanamwambia nani na huyo anayeambiwa anakunja uso au anacheka.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Niliandika kwenye insha "The bucket was kicked by the old man" nikakatwa alama. Sarufi si iko sawa? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Sarufi iko sawa, nahau imekufa. Ulichoandika ni kwamba kuna mzee aliipiga ndoo teke.

Chukua "kuvaa miwani" kwa maana ya kulewa. "Mjomba amevaa miwani" tunajua alikotoka. Sema "miwani imevaliwa na mjomba", pombe yote imetoka, imebaki miwani ya kusomea. Kuna nahau zilizoganda namna hiyo, huwezi kuzigeuza wala kuzipangua. Lakini zipo zinazokubali kugeuzwa, mfano "spill the beans", kutoboa siri. Ukisema "the beans were spilled" kila mtu anaelewa siri imetoka. Ni kwa sababu maharage yale yanasimama badala ya siri, na kumwaga kunasimama badala ya kutoboa, kila neno lina zigo lake. Ndivyo ilivyo pia kwa mtama wetu: "amemwaga mtama kwenye kuku wengi" inageuka vizuri tu kuwa "mtama umeshamwagwa". Kwenye "kick the bucket" hakuna kitu ambacho ndoo inakiwakilisha. Maneno yote matatu kwa pamoja ndiyo "kufa".

Na kwa kuwa tumefika kwenye kumwaga: mkiwa na Wakenya, kumbukeni kwamba kwao "kumwaga unga" ni kupoteza kazi. Nimewahi kumwona mfasiri akiandika "he spilled the beans" kwa mtu aliyemwaga unga. Mtu aliyefukuzwa kazi akageuka kuwa mtoboa siri.

Nimesoma kwenye intaneti kwamba "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa mno, ilianza zamani nyumba za Uingereza zilipokuwa za nyasi: paka na mbwa walilala juu ya paa, mvua ikinyesha wanateleza na kuanguka. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo. Ni kweli? (Mwalimu mwenzako)

Si kweli, ndugu yangu, na naomba uwarudie wanafunzi wako. Hadithi hiyo ilisambaa kwa barua pepe mwaka 1999, ikiwa ndani ya orodha ndefu ya mambo ya kubuni kuhusu maisha ya Uingereza ya miaka ya 1500. Jiulize tu: mbwa ana kazi gani juu ya paa? Na paa la nyasi likifumwa vizuri maji huteleza juu yake. Mnyama anayekimbia mvua hawezi kulala upande unaonyeshewa.

Tulicho nacho ni maandishi. Katika miaka ya 1650 waandishi wa Kiingereza walikuwa tayari wanazungumzia mvua ya mbwa na paka, na mmoja wao aliandika mbwa na vicheche. Mwaka 1738 Jonathan Swift aliiweka kwenye kitabu chake cha mazungumzo ya watu wa tabaka la juu, pamoja na misemo mingine aliyoiona imechoka kwa kutumiwa mno. Ona hapo: karibu miaka 300 iliyopita ilikwisha kuonekana imechakaa!

Ndiyo maana nasikitika ikiwa nahau ya kwanza kufundishwa madarasani. Mtoto anahitimu akiwa na paka na mbwa wake, kisha anawasikia wenye lugha yao wanasema "it's pouring" tu. Mfundishe aielewe akiikuta kitabuni. Ya kusema kila siku mpe hiyo fupi.

Bosi wangu alisoma ripoti ya mshindani wetu akaniambia, "Take it with a pinch of salt." Nikajua anataka niiongezee chumvi ninapoipeleka kwa wengine, nikaipamba kwelikweli. Alikasirika. Kwani kutia chumvi si kutia chumvi? (Mhasibu)

Pole sana, maana mtego huu ni wa kweli na hauoneshwi kwenye kamusi. Kwetu chumvi hutiwa na msemaji: "huyo naye ametia chumvi", ameongeza asichokiona. Kwao chumvi huchukuliwa na msikilizaji. Anayeambiwa habari ndiye anayetakiwa kuimeza na punje ya chumvi, yaani asiiamini yote. Bosi wako alikuwa anasema: hao jamaa yawezekana wametia chumvi, wewe iangalie kwa macho mawili. Chumvi ni ile ile, aliyeshika kijiko ni mwingine.

Punje yenyewe ni ya Kilatini. Katika karne ya kwanza, Mrumi Pliny aliandika kwamba jemadari Pompey, baada ya kumshinda mfalme Mithridates wa Ponto, alikuta katika hati za mfalme huyo dawa ya kujikinga na sumu: kokwa mbili kavu, tini mbili, majani 20 ya mmea mchungu, vyote vitwangwe pamoja na kuongezwa punje moja ya chumvi. Atakayeinywa asubuhi kabla ya kula, hakuna sumu itakayomdhuru siku hiyo. Nimeipenda mno habari hii tangu nilipoisoma, kwa sababu inanifanya nimwone mtu anayemeza kila anachopewa, lakini ameshajikinga kabla. Katika karne ya 17 Waingereza walikuwa tayari wanasema jambo fulani lichukuliwe na punje ya chumvi. Wamarekani hadi leo husema "a grain of salt", Waingereza zaidi "a pinch of salt".

Kwa Kiswahili mimi huitafsiri "usiyameze mazima mazima". Chumvi naiacha kabisa. Na uangalie isikuchanganye na "ndugu yangu nimekula chumvi nyingi", ambayo ni kuishi miaka mingi. Wala "worth his salt", ambayo ni mtu anayeiweza kazi yake hasa. Ukimsifu mtu hivyo kwa Kiingereza umemsifu sana.

Maswali mafupi mafupi

*"Break a leg" ni laana?* Hapana. Maneno yanasema "vunja mguu", lakini ni dua ya heri, tena ya jukwaani. Waigizaji wana imani kwamba kumtakia mtu heri waziwazi kabla hajapanda jukwaani kunamletea mkosi, kwa hiyo humtakia kinyume. Siku hizi huambiwa pia mtu anayekwenda kuimba au kutoa hotuba. Mchezaji wa mpira usimwambie, wala mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji.

*"You are pulling my leg"?* Unanitania. Kujivuta kwa uvivu ni "dragging your feet". Mguu ni ule ule, mvutaji amebadilika.

*Mgonjwa wangu yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Naweza kusema yuko "under the weather"?* Usiseme. Hiyo ni mafua, kichwa, kuamka bila raha. Sema "he is seriously ill".

*"Once in a blue moon": mwezi wa buluu upo?* Upo, na kwa namna mbili. Volkano ya Krakatoa ilipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilitanda angani na watu wa sehemu nyingi wakauona mwezi una rangi ya buluu kwa macho yao. Namna ya pili ni ya hesabu: mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo mara moja moja mwezi mmoja wa kalenda hupata mwezi mpevu mara mbili, na ule wa pili huitwa wa buluu. Hutokea kila baada ya miaka miwili na nusu hivi. Maana hii ya pili ilizaliwa kwa makosa. Mwaka 1946 mwandishi wa jarida la Marekani la Sky & Telescope aliielewa vibaya kanuni ya kalenda ya zamani ya wakulima, na jarida lenyewe likaja kulieleza kosa hilo mwaka 1999. Wakati huo dunia nzima ilikwisha kulizoea. Kwenye maongezi ina maana ya "mara moja moja sana". Atakayekuahidi jambo hivyo, usimsubiri.

*"Beat around the bush"?* Kuzunguka mbuyu. Hapa nafurahi kila mara. Wao wana wawindaji wanaopigapiga vichaka ili ndege waruke, sisi tuna mti mnene unaouzunguka bila kufika popote, na tumekutana kwenye maana moja bila kuazimana.

Barua tuliyopata kutoka ng'ambo inasema ombi letu "was tabled". Katibu anasema limewasilishwa, mweka hazina anasema limewekwa kando. Tumegombana kikao kizima. (Mwenyekiti wa kikundi)

Mwenyekiti, nataka nikujibu kwa kirefu, kwani kosa hili nimelifanya mimi.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa barua ya shirika moja la Marekani nimtafsirie mtu aliyeomba msaada wa masomo. Ilisema ombi lake "has been tabled". Nikaandika kwa kujiamini: "Ombi lako limewasilishwa mezani." Akashukuru, akaondoka na furaha yake, akakaa miezi miwili akisubiri uamuzi. Alipoandika kuulizia, akajibiwa kwa mshangao kwamba alikwisha kuarifiwa: ombi liliahirishwa bila tarehe. Katika miezi hiyo miwili angeweza kuomba kwingine, na muda ukawa umempita. Sijaisahau sura yake.

Kwa Waingereza, "to table" ni kuleta jambo mezani lizungumzwe sasa. Kwa Wamarekani ni kuliweka kando lisizungumzwe. Neno moja, maana mbili zinazopingana. Winston Churchill alisimulia kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walileta waraka wa haraka wakasema wanataka "to table it". Wenzao wa Marekani wakakataa, wakidhani unataka kufungiwa kwenye droo. Wakabishana kwa muda mrefu na kwa ukali, mpaka walipogundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Kwa hiyo tazameni barua imetoka wapi. Ikiwa ni Marekani, mweka hazina yuko sahihi, nanyi msisubiri, andikeni leo kuuliza lini litarudishwa mezani. Ikiwa ni Uingereza, katibu yuko sahihi. Mkiwa hamna uhakika, ulizeni wazi: "Has it been postponed, or is it being discussed now?" Kuuliza hivyo hakuna aibu yoyote. Ningekuwa nimeuliza mimi, yule mtu angesoma.

Tofauti nyingine kati ya nchi hizo mbili hazina madhara. Uingereza mambo madogo yanayokuzwa ni dhoruba ndani ya kikombe cha chai, Marekani ni tufani ndani ya birika. Uingereza siri ya aibu ya familia ni mifupa iliyo ndani ya "cupboard", Marekani ni ndani ya "closet". Hapo hata ukichanganya utaeleweka.

Mwalimu, nakerwa na "mwisho wa siku". Redioni, mikutanoni, kila sentensi mwisho wa siku. Hiki ni Kiswahili? Na hiyo "mpira uko kwako" nayo tumeitoa wapi? (Mstaafu)

Mzee wangu, shikamoo. "Mwisho wa siku" ni "at the end of the day" iliyovuliwa nguo za Kiingereza tu, haikuvishwa zetu. Sikatai kila kilichokuja namna hiyo. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" tumeipokea na imekaa vizuri, picha yake inaonekana bila mkalimani. Kiingereza nacho huazima: soko la vitu vikuukuu wanaliita "flea market", yaani soko la viroboto, neno kwa neno kutoka Kifaransa cha Paris.

Hii ya mwisho wa siku naikataa kwa sababu inaleta hasara. Kwetu mwisho wa siku ni jua linapozama. Niliwahi kuona ujumbe wa mkandarasi kwa mafundi wake: "Mwisho wa siku kila mtu atalipwa." Yeye alimaanisha hatimaye, baada ya yote. Mafundi walikaa pale hadi giza likaingia. Na hatukuwa na pengo la kuziba, maana tuna "hatimaye", tuna "mwishowe", na tuna ile tamu kuliko zote, "yote tisa, kumi ni hili".

Mpira sasa. "The ball is in your court" ni mpira wa tenisi, na watu wengi wetu wanapoisikia wanaona uwanja wa soka. Kwenye soka mpira ukiwa upande wako ni hatari, uko karibu na lango lako, na unaweza kuumiliki, kuurudisha kwa kipa, kupoteza muda. Kwenye tenisi huwezi kuushika. Umeingia upande wako, una mdundo mmoja tu, ukidunda mara ya pili pointi ni ya mwenzako. Mtu akikuandikia hivyo hasemi tu kwamba ni zamu yako. Anasema anasubiri jibu, na kwamba kunyamaza kwako atakuhesabu kuwa ndilo jibu lenyewe.